Redio ni ya Nani?

Kuna swali moja ambalo katika nchi yetu huulizwa kwa nadra, na likiulizwa hujibiwa kwa haraka mno: redio ni ya nani? Mwenye kituo atasema ni yake, maana ndiye aliyenunua mitambo. Mwenye bidhaa atasema ni yake, maana ndiye anayelipia matangazo. Mwenye ofisi atasema ni yake, maana ndiye anayetoa leseni. Na msikilizaji, ambaye bila yeye mitambo yote hiyo ni vyuma vinavyozungumza peke yake, hasemi neno, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Sisi twashika upande wake. Twasema kwamba mawimbi ya redio ni mali ya umma kama yalivyo maji ya mto, na kwamba anayepewa ruhusa ya kuyatumia amekabidhiwa amana, hakuuziwa shamba.

Twajua kwamba kauli hii haitawapendeza wengi. Wako wasemao kuwa redio ni chombo cha burudani tu, na kwamba anayetaka mafunzo aende shule. Wako wasemao kuwa kazi ya redio ni kupokea maneno kutoka juu na kuyamwaga chini. Na wako, hasa miongoni mwa waliosoma, wanaodai kuwa zama za redio zimekwisha, na kuijadili leo ni kupoteza wino. Tutawajibu wote watatu, wala hatutawajibu kwa maneno matupu, bali kwa mambo yaliyotendeka katika nchi hii na kwa jirani zetu.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 ukakabidhiwa shirika, na Julai 1965, Taifa likiwa tayari huru, shirika hilo likavunjwa na mahali pake ikawekwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya wizara. Hivyo chombo kilichowekwa ili mtawala azungumze na mtawaliwa kikaangukia mikononi mwa mtawaliwa wa jana. Lakini kubadili jina la mwenye nyumba si kubadili nyumba. Redio iliyozoea kutoa amri ingaliweza kuendelea kutoa amri, ila kwa sauti ya mwananchi badala ya sauti ya mkoloni. Kilichoibadilisha kwa kweli ni kazi iliyotwikwa na umma.

Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nchi ilifanya jambo ambalo mataifa yenye mali nyingi kuliko sisi yalikuja kulitazama na kujifunza. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliunganisha redio na makundi ya kusikiliza. Mwaka 1970 ilikuwa kampeni ya Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, Taifa lilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, ikafuata Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa majuma 12 na kuwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika makundi yaliyohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baadaye zikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980.

Yafaa vijana waelewe jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, maana ndani yake mna hoja yetu nzima. Katika Mtu ni Afya watu walikutana chini ya mti, au katika darasa, au barazani kwa mtu, mara moja kwa juma. Walisikiliza kipindi pamoja. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sehemu ya kitabu iliyohusu somo la siku hiyo: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Mshauri wa kundi, aliyepata mafunzo mafupi kwa ajili ya kazi hiyo, hakuhutubia, aliuliza. Je, ugonjwa huu upo kwetu? Unatokana na nini hapa kwetu? Tufanye nini kabla ya juma lijalo? Na walipoondoka hapo walikwenda kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa.

Tazameni basi nguvu ilikuwa wapi. Redio ilipeleka neno lilelile kwa siku moja Kagera na Mtwara, jambo ambalo hakuna mwalimu angeliweza kulifanya kwa miguu yake. Lakini redio peke yake haichimbi choo. Ilihitaji kitabu ili neno lisipotee hewani, ikahitaji mshauri ili neno lijadiliwe, na ikahitaji jembe ili neno lionekane. Ukiondoa kimojawapo, kazi yote inalegea. Ndiyo maana twasema kwamba shule ya redio haikuwa ndani ya kasha lile lenye betri. Ilikuwa katika duara la watu waliolizunguka.

Kuna watakaotupinga hapa wakisema: makundi yale yalikuwa ya amri, watu walikwenda kwa sababu waliambiwa waende. Hatukatai kwamba Chama na Serikali vilisukuma kazi ile kwa nguvu zao zote. Lakini amri yaweza kuchimbisha choo. Haiwezi kumfanya mtu akitumie. Amri yaweza kumkalisha mtu mbele ya redio. Haiwezi kumfanya achemshe maji nyumbani kwake, usiku, pasipo mtu wa kumwona. Kwa hilo yahitaji ashawishike, na mtu mzima hashawishiki kwa kuhutubiwa, hushawishika kwa kushauriana na wenzake. Kwa hiyo anayetumia mfano wa miaka ile ili kuitetea redio ya kutoa amri hakuuelewa mfano wenyewe. Kampeni zilifaulu pale redio ilipozimwa na watu wakaanza kusema.

Na katika hili tuseme ukweli wote. Radio Tanzania ilikuwa peke yake Tanzania Bara kwa karibu miaka 30. Sauti moja iliweza kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120 kwa lugha moja, na hilo ni jambo kubwa lisilosahaulika. Iliweza pia kuwaazima kipaza sauti wale walionyimwa kwao: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika ya Kusini walitangaza kutoka Dar es Salaam kwa watu wao waliokuwa chini ya nira. Lakini sauti moja ina kasoro yake nayo: mwenye neno tofauti hakuwa na pa kulisemea. Redio ambayo maneno huteremka tu, wala hayapandi, ni mfereji wa paa; hupeleka maji upande mmoja. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kuililia sauti ile moja irudi. Twaandika ili kuuliza tumezifanyia nini sauti nyingi tulizopata.

Tuje sasa kwa msemaji wa pili, yule wa burudani. Yeye hudhani kwamba wanaodai redio yenye maana ni watu wasiopenda kucheka. Amekosea kabisa. Radio Tanzania ilipendwa kwa burudani zake. Watu wazima na watoto walikimbilia redio kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi, na watoto wakaketi kusikiliza hadithi za Mama na Mwana. Katika studio zake zilirekodiwa NUTA Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kwa muda mrefu nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na aliyetaka sahani zake alitazamia Nairobi. Hivyo studio ya redio ndiyo iliyokuwa ghala la muziki wa Taifa. Laiti isingalikuwapo, sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 ingalikufa pamoja na waliouimba. Burudani si adui wa utamaduni. Burudani ni utamaduni wenyewe ukiwa umevaa nguo za sikukuu.

Hata hivyo, burudani haiji mikono mitupu. Daima huja imebeba kitu. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye nyumba ndogo kila kituo, na Tunu mkewe, ambaye alichoka kuonewa akaanza kusimama kwa miguu yake. Kulikuwa na vicheko, ugomvi na machozi, na ndani yake mlikuwa na mafunzo ya uzazi wa mpango na ya kujikinga na UKIMWI. Watafiti walipanga kwamba mchezo huo usirushwe na kituo cha Dodoma hadi mwaka 1995, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia. Tofauti ikaonekana: pale uliposikika, watu waliongezeka zaidi katika kujadiliana na wenzi wao na kutumia njia za uzazi wa mpango. Na Dodoma nayo ilipofikiwa, ikafuata nyayo. Nani basi atakayesema kwamba mchezo wa redio ni mchezo tu?

Mwezi uleule wa Julai 1993, ng'ambo ya mto Kagera, redio nyingine ilianza kusikika. Hiyo ilikuwa Radio Télévision Libre des Mille Collines ya Rwanda. Nayo ilianza kwa burudani. Ilipiga muziki uliowavutia vijana, watangazaji wake walitania na kucheka kama watu walio kilabuni, na wasikilizaji waliifurahia kwa sababu haikuwa na ukavu wa redio ya serikali. Katikati ya muziki na utani huo ilipandwa chuki, kidogo kidogo, mpaka masikio yakaizoea. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo ilitaja kwa majina watu wa kuwindwa na mahali walipojificha. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, kwa kadirio la Umoja wa Mataifa. Sisi Watanzania hatukuyasikia hayo kama habari za mbali. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kwa maelfu na maelfu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Na ni Arusha, katika ardhi yetu, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilitoa hukumu yake Desemba 2003, ikawatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza makosa na vifungo, lakini haikuwafutia hatia.

Twaziweka redio hizi mbili pamoja kwa makusudi. Zilianza mwezi mmoja, katika nchi mbili zinazopakana, kwa mitambo ya namna moja na kwa ufundi uleule wa kumfanya mtu acheke na kumtamani mtangazaji arudi kesho. Moja iliwafanya mume na mke wazungumze. Nyingine iliwafanya majirani wachinjane. Anayetuambia kwamba redio ni kelele za kupitishia muda na atuambie ni ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa kelele. Na anayetuambia kwamba ubaya uko katika redio ya mtu binafsi tu, au katika redio ya serikali tu, naye hatusaidii, maana ile ya Rwanda iliandikishwa kama kampuni ya watu binafsi, ilhali ilibebwa na wakubwa wa utawala. Swali si nani mwenye mitambo. Swali ni mwenye mitambo anawajibika kwa nani.

Mwaka 1993 sheria yetu ilifungua milango ya utangazaji kwa watu binafsi, na tangu hapo vituo vimeongezeka mpaka kupita 200. Jambo hili twalisifu. Leo mvuvi wa Pangani aweza kusikia habari za Pangani kutoka Pangani, na mkulima wa Micheweni, Pemba, aweza kuzungumza katika redio ya jamii yake mwenyewe. Lakini wingi wa midomo si wingi wa fikra. Ukizungusha kitufe cha redio katika mji wowote mkubwa utakuta vituo vingi vikisema jambo moja: mpira wa jana, ugomvi wa wasanii, na mchezo wa kubahatisha unaomwahidi kijana asiye na kazi kwamba shilingi zake chache zitazaa nyumba. Kijana huyo hufundishwa kila saa kwamba utajiri hauji kwa jasho bali kwa bahati. Hayo ni mafunzo, tena mafunzo yenye mwalimu hodari na ratiba isiyokosa siku. Asidhani mtu kwamba redio imeacha kufundisha. Imebadili somo.

Na itazameni lugha. Kiswahili ndicho urithi mkubwa kuliko yote tuliyoupokea kutoka kwa redio ya zamani, maana ni yeye mtangazaji aliyekifikisha sanifu mahali ambapo kitabu kilikuwa hakijafika. Mwanafunzi wa leo humsikia mtangazaji akisema "masaa mawili" badala ya saa mbili, na "nyimbo hii" badala ya wimbo huu. Humsikia akifunga kila hoja kwa "mwisho wa siku", hata kama habari ni ya asubuhi, kwa sababu Waingereza husema hivyo na yeye hakuona taabu ya kutafuta "hatimaye". Wako watakaotuita wahafidhina, wakisema kwamba lugha hukua. Kweli hukua, nasi twaipenda ikikua. Lakini mti hukua kwa mizizi yake, haukui kwa kufungiwa matawi ya mti mwingine. Vijana wa mitaani wanaobuni maneno yao wenyewe wanaikuza lugha. Mtangazaji anayetafsiri Kiingereza neno kwa neno bila kujua kwamba anatafsiri hakuzi kitu. Anaonyesha tu kasumba ilikolala. Mwalimu hufundisha ngeli kwa vipindi vichache kwa juma, na redio huzibomoa kutwa kucha. Kati ya hao wawili, yupi atashinda?

Amebaki msemaji wa tatu, anayetwambia kwamba simu imekwisha kuizika redio. Huyu hajatoka mjini siku nyingi. Redio humfikia mtu ambaye mikono yake ina kazi: mama anayepepeta mchele, fundi aliye juu ya paa, mlinzi wa usiku, dereva wa bodaboda anayengoja abiria. Haidai bando, wala haidai kwamba msikilizaji ajue kusoma. Na simu nyingi zenyewe hutumiwa kusikilizia redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vipindi vya masomo vilitafutiwa nafasi redioni na katika televisheni, maana si kila nyumba ilikuwa na njia nyingine. Tunachokubali ni kimoja: simu na vifaa vya masikioni vimelivunja duara. Zamani redio moja ilisikilizwa na watu kumi, wakabishana, leo watu kumi husikiliza redio kumi, kila mmoja peke yake, na hakuna wa kumwambia mwenziwe, "Hapana, hilo si kweli." Msikilizaji mpweke ni rahisi kudanganywa kuliko kundi.

Basi twadai nini? Kwanza, twadai kwa wenye vituo kwamba sehemu ya saa bora, si saa za usiku wa manane, itolewe kwa mambo yanayomhusu msikilizaji katika kazi yake, afya yake na haki zake. Watangazaji nao wapimwe kwa Kiswahili chao kabla ya kupewa kipaza sauti, kama dereva anavyopimwa kabla ya kupewa gari la abiria. Pili, twadai kwa wenye mamlaka kwamba leseni ihesabiwe kuwa mkataba na umma, na kwamba redio ya Taifa iruhusu maneno yapande kama inavyoruhusu yateremke. Tena kanda zilizorekodiwa enzi za Radio Tanzania, zilizo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, zihifadhiwe kwa njia za kisasa na kufunguliwa kwa shule na vyuo. Utepe wa sumaku haumngoji mtu. Ukioza, hakuna fedha itakayoufufua.

Tatu, na hili ndilo kubwa, twadai kwa walimu na wanafunzi. Msingoje kampeni kutoka Dar es Salaam. Kila shule ya sekondari ina mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa uraia, na simu au redio japo moja. Undeni kundi la kusikiliza, mara moja kwa juma. Sikilizeni kipindi kimoja pamoja, kisha kizimeni, muulizane: Nani amesema? Nani amelipia? Nani anayehusika ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Yaliyosemwa yamethibitishwa kwa nini? Kiswahili chake ni cha kuigwa au cha kusahihishwa? Kisha andikieni kituo hicho barua, mkisifu panapostahili sifa na mkikosoa panapostahili kukosolewa. Kazi hii haihitaji bajeti. Inahitaji saa moja na watu wasioogopa kuuliza.

Mwenye kituo anajua kuhesabu. Siku atakapopokea barua 100 kutoka shule 100, zenye hoja na zilizoandikwa kwa Kiswahili fasaha, atajua kwamba upande wa pili wa mawimbi hakuna gunia la kutiwa chochote, bali kuna watu. Na siku hiyo swali letu litakuwa limepata jibu. Redio ni ya yule anayeidai. Sisi hatujaidai, na tuanze sasa.